Chujio, Pampu na Injini: Kutafuta Ugonjwa wa Presha

Somo letu la leo ni la ufundi, nalo lahusu swali moja tu. Pampu ya maji ikitoa maji machache, au motokaa ikishindwa kupanda mlima, tutajuaje kama ugonjwa uko katika chujio au uko katika mtambo wenyewe? Nimelichagua swali hili kwa sababu katika pande zetu hizi za Mbarara na Isingiro watu wengi hupoteza fedha kwa kufungua kitu kisichougua. Pampu hufunguliwa, sili mpya hununuliwa, siku mbili hupotea, na kumbe lililoziba ni chujio ambalo lingeoshwa kwa maji na brashi kwa muda wa robo saa. Tena wako wengine wenye dawa ya namna yao: huliondoa chujio kabisa. Presha hupanda siku ile ile, kila mtu hufurahi, na hasara huja baadaye. Habari za hasara hiyo zitafuata mahali pake.

Kwanza tuyatazame maji yenyewe. Mto Rwizi wapita Mbarara, ambako kwa miaka mingi mji umepata humo maji yake ya kunywa, kisha washuka upande wa mashariki kwenye mafunjo na maziwa, na Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo ni miongoni mwa maziwa hayo. Kandokando ya mto watu wamelima mpaka ukingoni. Basi zikinyesha mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, udongo hushuka na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa. Huko Nakivale makazi ya wakimbizi yalianzishwa mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na leo hukaa humo watu waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Maji ya wengi wao hutoka ziwani: husukumwa kwa pampu, husafishwa, kisha hupelekwa kwa mabomba mpaka mahali pa kutekea. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi. Upepo ukivuma, tope la chini huinuka, na juu huelea uchafu wa kijani ulio laini kama unga. Hicho chote ndicho chakula cha chujio.

Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi huhesabu kwamba mtu mmoja katika makazi apate lita 20 kwa siku, yaani jerikani moja. Sasa tufanye hesabu ndogo. Tuseme pampu yatoa lita 10,000 kwa saa ikiwa nzima. Chujio likiziba kiasi, pampu ikawa inatoa lita 6,000, basi kila saa zimepotea jerikani 200. Pampu ikifanya kazi saa 10, ni watu 2,000 ambao jerikani yao haikufika. Injini ilinguruma vile vile mchana kutwa, dizeli ikaisha vile vile, ila maji hayakuja. Kwa hiyo mtu anayeilinda pampu asitosheke kuisikia ikinguruma.

Sasa presha ni nini? Ni nguvu inayosukuma juu ya eneo fulani. Geji nyingi zimeandikwa bar, na nyingine zimeandikwa PSI, ambayo ni ratili kwa kila inchi mraba. Bar 1 ni karibu ratili 14 na nusu. Lakini kwa mtu wa maji ni rahisi zaidi kukumbuka kwamba bar 1 ni kama uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10. Tangi likiwa juu ya kilima, mita 40 kupita pampu, pampu haina budi kutoa bar 4 kabla tone la kwanza halijaingia tangini, na zaidi kidogo kwa ajili ya msuguano wa maji katika bomba.

Liko jambo moja ambalo wengi wetu hulikosea, hata katika mtihani. Twasema pampu huvuta maji. Hasha! Pampu haiwezi kuvuta maji hata kidogo. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje unaoyalalia maji ya ziwa ndio unaoyasukuma yapande. Wachimba visima wa Italia walijua zamani kwamba pampu ya kuvuta haipandishi maji kupita mita 10 hivi, wala hawakujua sababu. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli akaeleza kwa zebaki na bomba la kioo kwamba hewa ina uzito, na uzito huo una mpaka wake. Pwani, kama Mombasa au Dar es Salaam, mpaka ni mita 10 na theluthi. Mbarara iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,400, hewa yake ni nyepesi zaidi, basi mpaka wake ni mita 8 na robo tatu tu. Nakivale iko chini kidogo ya Mbarara, lakini tofauti si kubwa. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Katika kazi yenyewe, ukiweka pampu zaidi ya mita 6 juu ya maji hapa kwetu, umejitafutia taabu.

Kutokana na hayo twapata kanuni ambayo ndiyo kiini cha somo hili lote. Kila pampu ina pande mbili. Upande wa kunyonya una akiba ndogo sana ya nguvu, kwa maana ni hewa tu inayosukuma. Upande wa kutoa una nguvu yote ya mashine. Kwa hiyo chujio lile lile lenye uchafu ule ule hutoa dalili moja likiwa kabla ya pampu, na dalili nyingine likiwa baada yake. Mwenye kutengeneza asiulize kwanza, “Pampu hii ni ya kampuni gani?” Na aulize, “Chujio liko upande gani, na geji iko upande gani wa chujio?”

Tuanze na upande wa kunyonya. Tuseme pampu imewekwa mita 3 juu ya ziwa. Geji ya ombwe iliyofungwa karibu na mdomo wa pampu itaonyesha kama bar 0.3 chini ya hewa ya nje, na kidogo zaidi kwa sababu ya msuguano. Ziwa halijashuka, pampu haikuhamishwa, lakini leo geji yaonyesha 0.6. Hapo hakuna haja ya kubahatisha: kitu kimeziba kati ya geji na ziwa, na mara tisa kati ya kumi ni chujio la chini. Ikiwa kinyume chake sindano ya geji imelala karibu na sifuri, au yatetemeka, na maji hayaji, basi si kuziba. Ni hewa inayoingia mahali, labda katika kiungo cha mpira au sili ya shafti, ama vali ya chini haifungi na maji yamerudi ziwani. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakofanya watu waoshe chujio mara tatu na pampu isipone.

Asiye na geji naye ana masikio. Pampu inayonyimwa maji hulia kama imemeza kokoto. Sababu yake ni ya ajabu kidogo: presha ikishuka mno, maji huchemka ingawa ni ya baridi. Sisi wa Mbarara twapaswa kuelewa upesi, maana hata katika sufuria jikoni maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi, wala si 100. Ndani ya pampu yenye njaa vipovu vya mvuke huzaliwa, kisha hupasuka kwa kishindo mara vinapofika penye presha, na kila kimoja hung’oa chembe ya chuma. Fungua pampu kama hiyo baada ya miezi michache, utakuta gurudumu lake la ndani limetobokatoboka kama ubao ulioliwa na mchwa. Basi kokoto unazozisikia hazimo, lakini kazi ya kokoto inafanyika.

Mwaka jana nilitazama pampu ndogo ya petroli ya mkulima mmoja wa nyanya karibu na ziwa. Ilikuwa imefunguliwa mara mbili na kubadilishwa sili, na bado maji yalikuja machache baada ya dakika kumi za kazi. Mzee yule alikuwa amelifunga chujio la chini kwa kipande cha chandarua cha mbu ili majani yasiingie. Wazo lake halikuwa baya. Kosa lilikuwa katika eneo: chandarua kilikazwa juu ya mdomo wa chujio, kikabaki kipande kidogo kama kiganja cha mtoto ambacho maji yote yalipaswa kupitia, na uchafu wa kijani ukakiziba upesi. Bomba la inchi 2 lina mdomo wa sentimita mraba 20 hivi. Matundu ya chujio lake, ukiyajumlisha, yafaa yawe mara tatu au nne ya hapo, yaani sentimita mraba 60 hadi 80, na kwa kitambaa laini yahitajika mengi zaidi, maana nyuzi zenyewe hula nafasi. Tulitwaa ndoo ya plastiki, tukaitoboa pande zote, tukaizungushia chandarua kile kile, na chujio likakaa ndani ya ndoo. Tena tukaifunga kwenye jerikani tupu ili ielee nusu mita chini ya uso wa maji, mbali na tope la chini na mbali na kijani cha juu. Sili mpya haikuhitajika.

Upande wa kutoa dalili zake ni nyingine. Hapa geji hupanda. Presha ikiwa kubwa kuliko kawaida na maji ni machache, kizuizi kiko mbele ya geji: vali iliyofungwa nusu, bomba lililojaa tope, au chujio lililoziba. Presha ikiwa ndogo na maji ni machache, tazama nyuma: upande wa kunyonya, mwendo wa injini, au pampu iliyochakaa. Presha ikiwa ndogo na injini yasukuma maji mengi lakini tangi halijai, toka ukatembee kufuata bomba, maana limepasuka mahali na ng’ombe wa mtu wanakunywa.

Iko pia njia ya kuipima pampu yenyewe bila kuifungua. Ikiwa ni pampu ya gurudumu, zile ambazo nyingi zetu ndizo, funga vali ya upande wa kutoa kwa sekunde chache huku ukitazama geji. Maji yakisimama, msuguano wa chujio hauna kazi tena, kwa maana hakuna kinachopita. Geji ikipanda mpaka kimo ilichokuwa ikifika pampu ilipokuwa mpya, gurudumu ni zima na ugonjwa uko katika njia ya maji. Isipofika, na umekwisha kuhakikisha kwamba hakuna hewa inayoingia na kwamba mashine yazunguka kwa mwendo wake, hapo ndipo una haki ya kutwaa spana. Kwa hiyo siku pampu inapofungwa mpya, andika namba hiyo kwa rangi juu ya ukuta wa chumba chake. Lakini angalia sana! Usifanye hivyo kwa pampu ya pistoni au ya meno. Hizo hazijui kusimama. Ukizifungia njia hupasua bomba au hujivunja zenyewe. Kumbuka jambo hili, kwa sababu tutakutana nalo tena ndani ya injini.

Katika mitambo ya kusafisha maji ya kunywa chujio huwa ni mchanga. Huko fundi husoma presha mbili, kabla ya mchanga na baada yake, na kinachomhusu ni tofauti. Mchanga ukiwa safi tofauti ni ndogo. Uchafu ukijaa tofauti huongezeka siku kwa siku, au saa kwa saa wakati wa mvua, mpaka ikibidi kuurudishia maji kutoka chini kwenda juu ili tope liinuke na kumwagwa. Tofauti ikishuka ghafula bila mtu kuosha, wengine hushukuru Mungu. Afadhali washtuke, maana huenda maji yamejichimbia njia katikati ya mchanga na hayachujwi tena.

Hapa ndipo mahali pa ile dawa ya kuondoa chujio. Mwaka 1892 mji wa Hamburg, Ujerumani, ulikuwa ukinywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Mji wa Altona uliopakana nao ulinywa maji ya mto ule ule, tena kutoka chini ya mahali Hamburg ilipomwaga uchafu wake, lakini uliyapitisha kwenye mchanga. Kipindupindu kilipoingia mwaka ule, katika Hamburg walikufa watu zaidi ya 8,000. Altona haikupatwa na msiba wa namna hiyo, hata kuna barabara ambazo upande mmoja uliokuwa wa Hamburg uliugua na upande wa pili wa Altona ukabaki salama. Presha katika mabomba ya Hamburg yawezekana ilikuwa nzuri sana.

Sasa tuingie katika motokaa. Kwa kweli motokaa ni mkusanyiko wa pampu. Injini yenyewe hunyonya hewa, pampu ya mafuta huleta petroli au dizeli, pampu ya oili hulainisha, na pampu ya maji hupoza. Kanuni ni ile ile ya pande mbili, ila sasa kuna vumbi badala ya tope.

Chujio la hewa liko upande wa kunyonya, na hewa yetu, kama tulivyoona, ni pungufu tangu mwanzo. Injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100 za kupanda. Basi gari lililotoka Mombasa, likifika Mbarara, limekwisha kupoteza zaidi ya sehemu kumi katika mia kabla chujio halijapata vumbi hata chembe. Liongezee vumbi jekundu la njia za ndani ya makazi wakati wa kiangazi, na dereva ataona gari limekuwa zee katika mwezi mmoja. Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli wala halipigwi juu ya tairi kwa nguvu. Lipulize kwa hewa ya polepole kutoka ndani kwenda nje, kisha weka taa ndani yake gizani. Ukiona mwanga kama nyota moja inayong’aa peke yake, pana tundu, litupe. Wale wanaoendesha pikipiki bila chujio ili ilie kwa sauti kubwa wanaisagia injini mchanga. Baada ya muda huanza kunywa oili na kutoa moshi wa buluu, na fedha ya kutengeneza silinda yapita mbali bei ya machujio mengi.

Mafuta nayo yana machujio yake. Dizeli, ambayo ndugu zetu Wakongo wa Nakivale huiita mazutu, mara nyingi huuzwa kutoka mapipani, na mapipa huwa na maji na kutu. Katika pikapu na malori mengi ya zamani chujio la dizeli liko kati ya tangi na pampu ya sindano, yaani upande wa kunyonya, kwa hiyo likiziba dalili zake ni zile za ziwani. Gari huenda vizuri kwenye tambarare, lakini mlimani, ambako mafuta mengi yanahitajika, hulegea. Ukilisimamisha dakika tano hupata nafuu, maana mafuta yamepata nafasi ya kupenya polepole. Wengi wa magari hayo wana kibonyezo cha mkono juu ya chujio cha kupampia mafuta. Ukikibonyeza kikabaki chini kama kimenyonywa, njia ya kutoka tangini imeziba. Lakini kabla ya kununua chochote fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likapona, ugonjwa ulikuwa tundu dogo la kupumulia tangi lililozibwa na tope. Ni tengenezo la bure.

Magari mengi ya petroli ya siku hizi yana pampu ya umeme ndani ya tangi na chujio baada yake, upande wa kutoa. Hapo chujio likiziba pampu hulia kwa sauti ya juu na hupata moto, presha kabla ya chujio ni kubwa na baada yake ni ndogo, na mwishowe pampu huungua. Mtu akinunua pampu mpya bila kubadilisha chujio atainunua tena. Na katika injini za dizeli za kisasa asijaribu mtu kulegeza bomba la sindano kama tulivyozoea katika zile za zamani. Presha humo hupita bar 1,000, na mchirizi mwembamba kama unywele hupenya ngozi ya mkono na kuingia mwilini. Jeraha hilo huonekana dogo kama la mwiba, lakini ni la kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Mtu atauliza, gari la dizeli likikosa nguvu, nitajuaje kama ni hewa au ni mafuta, ili nisifungue yote mawili? Tazama moshi. Moshi mweusi mwingi maana yake mafuta yapo na hewa haitoshi: anza na chujio la hewa. Nguvu hakuna na moshi hakuna, mafuta ndiyo hayatoshi: anza na chujio la mafuta. Kanuni hii si Injili, kwa sababu sindano mbovu nayo hutoa moshi mweusi, lakini itakuonyesha mlango wa kuanzia.

Nimeiacha oili mwisho kwa kuwa ndiyo yenye hila zaidi, na ndiyo inayoua injini nyingi. Chini ya injini kuna bakuli la oili. Ndani yake kuna chujio la waya, na pampu ya meno huinyonya oili kupitia hapo. Pampu hii ni ya namna ile isiyojua kusimama, basi imewekewa vali ya usalama inayorudisha oili bakulini presha ikizidi. Kutoka hapo oili huenda kwenye chujio la karatasi, kisha kwenye beringi. Zamani motokaa hazikuwa na chujio hili la pili. Lilianza kutumika katika miaka ya 1920 huko Marekani.

Sasa fikirini. Chujio la karatasi likiziba kabisa, je, taa nyekundu ya oili itawaka? Wengi hujibu ndiyo. Jibu ni kwamba mara nyingi haiwaki. Waliolitengeneza waliona kwamba oili chafu ni afadhali kuliko kutokuwa na oili, kwa hiyo wakaweka vali nyingine ndogo, ndani ya chujio au kando yake. Tofauti ya presha kati ya pande mbili za karatasi ikifika kama bar 1, vali hiyo hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Presha inabaki nzuri, taa imezimika, dereva anaimba, na chembe za chuma na masizi zazunguka katika beringi. Kwa hiyo chujio la oili halisubiriwi lilie. Hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita na miezi, na katika vumbi letu hesabu hiyo hupunguzwa.

Kinachowasha taa, basi, ni nini? Kwanza ni oili kuwa chache, hata pampu ikanyonya hewa gari linapokata kona au kupanda. Pili ni chujio la waya la bakulini, lile la upande wa kunyonya, kuzibwa na tope zito la oili iliyokaa mno. Tatu ni oili kuwa nyepesi kupita kiasi, labda imechanganyika na petroli au dizeli. Inuse kwenye kijiti cha kupimia utajua. Nne ni beringi zilizolika, maana oili humwagika kwa wepesi kupitia nafasi zilizoongezeka na presha haijengeki. Na mwisho ni kipimo chenyewe cha taa kuwa kibovu, kitu cha bei ndogo. Kati ya hayo, la kwanza hutazamwa kwa kijiti katika dakika moja. La mwisho huthibitishwa kwa kukifungua kile kipimo na kufunga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa na moto na ikinguruma polepole, geji ikaonyesha bar 1 au zaidi, na ikipewa mafuta ikapanda mpaka bar 3 au 4, injini nyingi zaridhika na hayo.

Taa yenyewe kwa kawaida huwaka presha imekwisha shuka chini ya nusu bar. Hiyo si onyo la mapema kama lile la petroli kukaribia kwisha. Beringi zimekwisha kuanza kugusana chuma kwa chuma. Dereva aliyejaza abiria kutoka Nakivale akasema moyoni, “Nitafika Mbarara ndipo nitazame,” huenda asifike hata nusu ya njia, maana ni suala la dakika, si la kilomita. Azime injini pale pale. Abiria watanung’unika, lakini watapata gari lingine. Yeye hatapata injini nyingine kwa nauli ya siku ile.

Kwa wale wa darasa la fizikia wanaotaka kujaribu wenyewe, hii hapa ni geji isiyo na gharama kubwa, ya kupimia chujio la hewa. Tafuta mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, mrefu wa kutosha. Ukunje kama herufi U, uufunge juu ya ubao wenye alama za sentimita, utie maji yenye wino kidogo mpaka nusu ya kila upande. Ncha moja iache wazi. Ya pili ifunge kwenye tundu lililo kati ya chujio la hewa na injini. Malori mengi ya dizeli yana tundu hilo tayari, limezibwa kwa skrubu. Injini ikipewa mafuta, maji ya upande mmoja yatapanda na ya upande wa pili yatashuka. Pima tofauti ya vimo hivyo viwili. Andika namba ya chujio jipya, kisha pima kila wiki. Kwa injini kubwa za dizeli, tofauti ikikaribia sentimita 60, chujio limekwisha kazi yake. Kila upande wa mpira uwe mrefu kupita mita moja juu ya maji, na mwenzako mmoja ashike ncha tayari kuichomoa, maana maji yakifika juu yatanyonywa mpaka ndani ya silinda, na silinda iliyojaa maji huvunja mkono wa pistoni mara moja.